Koili Kubwa na Sindano ya Msusi

Tarehe 9 Januari

Kwa Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana najua nimekawia kuandika. Mimi mzima, isipokuwa bega la kulia linaloniuma tangu tuanze barabara mpya. Kazi ni ileile: natembea mbele ya wanaomwaga lami nikiwa na mashine ya kutafutia chuma, nasaka vifuniko vya valvu za maji vilivyofukiwa, navipaka rangi nyekundu kabla havijazikwa tena. Wenzangu wananiita daktari wa ardhi. Nawaambia mimi ni mwanafunzi tu, daktari ni mjomba wangu, fundi bomba mstaafu, aliyenifundisha uani kwake kwa kunifichia vijiko mchangani. Binamu Bonge hajambo? Bado anakula kama anahama?

Sasa lililonileta. Ofisi ya ardhi imeniandikia kuhusu kiwanja cha marehemu mama. Mwezi wa nane mpima ardhi atakuja kupima mtaa mzima upya na kutoa hati mpya. Kwenye hati ya mama, kutoka jiwe la mpaka la upande wako hadi jiwe la upande wa jirani yetu Msusi ni hatua thelathini. Karani wao aliyepita kukagua amepata ishirini na nne. Hatua sita zimekwenda wapi, Mjomba? Kiwanja hakina miguu.

Unajua sina kingine. Mkataba wangu huku unakwisha mwakani, na nimepanga kujenga pale palipokuwa na kamba za nguo za mama. Mpima akikuta ishirini na nne, itaandikwa ishirini na nne na ndiyo itakuwa basi. Niangalizie, wewe ndiye uliye karibu.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 1 Februari

Kwa mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, marahaba, hata ile ya akiba nimeipokea. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Mimi nipo, nasukuma siku. Masikio ndiyo yamekufa. Miaka thelathini ya kusikiliza mashine ikipiga kelele si mchezo. Ndiyo maana nakuomba uendelee kuandika na usipige simu. Kwenye simu nasikia nusu, na hiyo nusu nyingine najibu ovyo.

Bonge ameoa! Ndiyo, huyohuyo. Tumembanabana kwenye chumba kipya pembeni ya nyumba, na wifi yako ni mtu wa watu, ila anapika kama anaiogopa chumvi. Bonge amepungua. Nimemwambia ndoa ndiyo hiyo.

Habari ya hatua sita imenikata maini. Jiwe la upande wangu lipo palepale, nalipita kila asubuhi nikienda bombani. Sipendi kusema ya watu. Lakini Msusi alijenga uzio mpya mwaka juzi, na mafundi wake waliufanya siku mbili nilizokuwa safarini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sijasema kitu.

Usijiumize roho, mwanangu. Mjomba ni mama, nipo.

Mjomba wako


Tarehe 12 Februari

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hongera za Bonge nimecheka nazo peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Wifi mpe salamu, mwambie chumvi haing'ati.

Ya Msusi yamenikalia kifuani siku tisa. Mjomba, yule ndiye aliyemwogesha mama miezi yote minne ya ugonjwa wake mimi nikiwa huku naandika barua za kuomba ruhusa. Mpaka leo ufunguo wa nyumba ya mama uko kwake na anaifagia kila wiki. Sitaki kumnyooshea kidole bila kuwa na kitu mkononi. Kwa hiyo nakupa kitu ambacho sijawahi kumpa mtu.

Siku mpima wa kwanza alipokuja kuweka mawe, mimi nilikuwa na miaka tisa. Mashimo yalichimbwa jana yake. Asubuhi, kabla mpima hajafika, mama alinishika mkono akanipeleka kwenye shimo la upande wako. Alikuwa amebeba ile pasi yake ya mkaa iliyopasuka, ile nzito aliyopigia nguo za watu miaka yote ya udobi. Aliongeza kina cha shimo mpaka mkono wake ukazama hadi begani, akaiweka pasi chini, akaifukia. Mpima alipokuja akamwagia zege juu yake bila kujua. Mama akaniambia, "Jiwe linahama. Pasi hii haihami. Siku ukipotezwa, itafute." Sasa tunaojua ni mimi na wewe.

Kwa hiyo kazi ni nyepesi. Itafute pasi upande wako, hakikisha ipo, kisha hesabu hatua thelathini kuelekea kwa Msusi. Zinapoishia ndipo mpaka ulipo. Kama uzio wake umeingia ndani, utatoka. Kama haujaingia, basi karani hajui kuhesabu na nitaomba radhi kwa kumfikiria vibaya.

Koili ndogo ya mashine yako, ile sahani ya chini inayosikia chuma, haiwezi kufika kina hicho. Ndiyo maana nimekutumia kifurushi: koili kubwa, ya zamani ya kazini, pana kama sinia. Inaingia kwenye mashine yako bila shida, kampuni ni ileile. Ni nzito, itakuvuta bega, kwa hiyo funga kifuko cha mchanga nyuma ya mpini ili mashine isiiname mbele. Usiizungushe kwa haraka kama ile ndogo. Ipitishe taratibu, chini kabisa, karibu igusane na udongo, na iweke mbali na kuta za bati, maana itapiga kelele kama kichaa. Mengine utayajua mwenyewe, wewe ndiye mwalimu wangu.

Mpwa wako anayekutegemea,
Chiriku


Tarehe 3 Aprili

Kwa Chiriku wangu,

Marahaba. Samahani kwa ukimya. Kifurushi kilifika salama, kimekaa juu ya kabati kama mgeni rasmi. Mvua zilishika, udongo umekuwa uji. Mvua zilipoacha, kiwiko kikashika. Betri nazo dukani hakuna, wanasema wiki ijayo, na wiki ijayo ya muuza duka yule unaijua.

Halafu nimefikiri sana, mwanangu. Hatua sita ni nini? Ni upana wa chumba. Msusi ni mtu mzima, hana mtoto, hana mtu. Mengine tumwachie Mungu. Wewe uko mbali, umezoea maisha ya huko, nani anajua kama utarudi kweli. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo watu wanavyoishi.

Wifi yako ni mjamzito. Bonge amefurahi mpaka amerudi kunenepa.

Mjomba wako


Tarehe 14 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa ujauzito wa wifi. Pole kwa kiwiko. Betri nane ziko ndani ya bahasha hii, nimezifunga kwa soksi.

Nitarudi, Mjomba. Usiniandikie tena kwamba nani anajua. Mimi najua. Na lililo langu lipo hata kama mimi sipo, kwa sababu nilimwachia mtu.

Tafadhali tafuta pasi kabla ya mwezi wa tano kwisha.

Chiriku


Tarehe 15 Mei

Kwa mpwa wangu, kichwa kigumu kama mama yake,

Marahaba! Kaa kitako usome. Kazi imekwisha.

Jumamosi nilivaa buti, nikafunga hiyo koili yako kubwa, nikaingia kiwanjani mbele ya mtaa mzima. Watoto walinifuata kama nimeleta dansi. Nimepita taratibu kama ulivyosema, kutoka kona hadi kona. Na nilipofika kwenye jiwe la upande wangu, kelele! Kali, fupi, ya haraka, papo hapo chini ya jiwe. Pasi ya dada yangu ipo, Mungu amrehemu. Sikuchimba, ya nini kumsumbua. Jiwe langu halijahama hata upana wa kidole.

Lakini sikia hili. Ile koili ni kiboko. Hatua moja kutoka jiwe hilohilo ikapiga tena, kidogo hivi, nikakwangua udongo kwa ukucha. Sindano. Ile iliyopinda ya kushonea nywele. Sasa niambie, mtaa huu nani ana sindano ya namna hiyo, na alikuwa anatafuta nini kwenye jiwe la upande wangu? Alikuja kupima aone anaweza kula kiasi gani upande wake. Nimeiweka sindano hiyo kwenye kopo, ushahidi upo.

Mwandikie ofisi ya ardhi kwamba lililohama ni jiwe la Msusi. Mimi nitasaini kama shahidi. Pole, najua ulimpenda.

Mjomba wako, daktari wa ardhi nambari moja


Tarehe 24 Mei

Kwa Mjomba wangu,

Shikamoo, na asante ambayo haitoshi kwenye karatasi. Nililia niliposoma kwamba pasi ipo. Nilimwona mama amelala kifudifudi kando ya shimo, shavu mchangani.

Ofisi ya ardhi nimeiandikia, jina lako nimeliweka la shahidi. Na Msusi nimemwandikia pia. Sikumung'unya maneno. Nimemwambia alikuwa anamwogesha mama kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine anatupunguzia ardhi. Nimemwambia sindano yake imeonekana. Niliandika hadi mwisho.

Nimeumia, Mjomba. Ila nashukuru wewe upo.

Chiriku


Tarehe 20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Nasikitika kwamba sitauliza habari za mtu yeyote katika barua hii.

Wiki tatu zilizopita nilipokea bahasha kutoka kwa Msusi. Ndani hamkuwa na barua. Kulikuwa na ufunguo wa nyumba ya mama, umefungwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi. Basi. Nikajisemea, mwenye hatia hana la kujibu. Nikauweka mfukoni, na nikatembea nao kazini kila siku, na kila siku ulikuwa mzito kuliko jana.

Jumanne tulikuwa njia panda ya sokoni, tunatafuta bomba kuu lililo chini sana, na nilikuwa nimefunga koili kubwa, ndugu pacha wa ile niliyokutumia. Mwenzangu anayeshika bendera alipasukiwa na suruali, akaazima sindano ya mkono kwa fundi cherehani wa pembeni, ikamponyoka barabarani. Akaniomba niitafute na mashine. Wote wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu kila mtu wa kazi hii anajua jambo ambalo sikukuandikia. Sikukuandikia kwa sababu sikuona haja. Koili kubwa haisikii sindano, Mjomba. Unaweza kuipitisha juu ya sindano mia na isitoe hata mguno. Inasikia vitu vikubwa vilivyolala chini sana, na vidogo vya juu vinaipita. Wewe umetumia ndogo maisha yako yote, ile inayosikia hata pini ya nywele, ukadhani iliyo kubwa ni hiyohiyo iliyozidi ukali.

Nilisimama katikati ya barabara na mashine mkononi, magari yakinipigia honi.

Na ile "kelele kali, fupi, ya haraka" chini ya jiwe. Pasi iliyo chini kina cha mkono haipigi hivyo. Sauti yake huanza mbali, inapanda polepole, inakaa, inashuka polepole. Ulichosikia, kama ulisikia kitu, ni kifuniko cha soda.

Kwa hiyo koili yangu haijashuka kabatini. Ulipita mbele ya mtaa mzima na mashine yako ya zamani, ili waseme ulipita. Nikarudi kwenye barua zako zote, nikazisoma chini ya taa ya jikoni na penseli mkononi. "Tumembanabana kwenye chumba kipya pembeni ya nyumba." Pembeni ipi, Mjomba? "Hatua sita ni nini? Ni upana wa chumba." Mimi sikuwahi kukuandikia habari ya chumba. Ni wewe.

Nakuomba kitu kimoja, na ndicho cha mwisho kukuomba. Shusha koili. Ifunge. Ingia chumbani kwa Bonge. Niandikie ulichosikia.

Chiriku


Tarehe 11 Julai

Kwa mpwa wangu,

Salamu sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia ulipotaka.

Nilishusha koili Jumapili. Nilimwambia Bonge na mkewe kwamba nakagua unyevu. Tulitoa kitanda, cha mbao, tukatoa masanduku. Sakafu ile niliimwaga mwenyewe, saruji tupu, haina nondo. Niliipitisha taratibu. Masikio yangu unayajua, nilifikiri labda sitasikia, na nikaomba nisisikie. Ikaanza mbali, ikapanda, ikakaa. Katikati ya chumba, Chiriku, mahali ambapo hulala kichwa cha wifi yako. Bonge aliniona uso, akauliza, "Baba, kuna bomba hapa?" Nikamwambia ndiyo, bomba la zamani. Hata hapo nilidanganya.

Jiwe nililihamisha mimi. Wiki ile mama yako alipokuwa hawezi tena kuinuka. Bonge alikuwa amepata mchumba na hana pa kumweka, na kwangu hapakuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka. Nilijua wewe hurudi. Miaka kumi na moja ulikuwa unaandika kwamba mwakani, mwakani. Nikasema ardhi haiwezi kumsubiri mtu. Nililing'oa mchana kweupe, nikasema maji ya mvua yamelilegeza, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nani amuulize ndugu wa mgonjwa. Ya pasi sikujua. Barua yako ya Februari iliponiambia, nilikaa kwenye ngazi mpaka chai ikapoa.

Sindano ni ya Msusi kweli. Aliisahau kwetu siku aliyomsuka wifi yako kwa ajili ya harusi. Nilihitaji kitu kidogo cha kweli ndani ya ule uongo. Mazoea ya fundi, kila kiungo nataka kikaze.

Msusi tangu barua yako hasalimii mtu. Anafungua saluni, anasuka, anafunga. Mimi ananipita kama anapita nguzo.

Mpwa wangu, wifi yako anajifungua mwezi wa tisa. Mpima akija mwezi wa nane akaambiwa, ukuta ule utavunjwa na mtoto atazaliwa nje. Nakupigia magoti, mimi niliyekufundisha kushika mashine. Niseme nini kwa Bonge? Yeye hajui kitu. Tuyamalize ndani, sisi ni damu moja.

Mjomba wako


Tarehe 19 Julai

Barua yako nimeipata. Salamu leo sina.

Nitafika tarehe 10 Agosti, siku mbili kabla ya mpima. Usije kunipokea. Nitakwenda kwanza kwa Msusi, nitasimama mlangoni kwake na ufunguo wa mama kwenye kiganja, na asiponifungulia nitakuwa nimestahili. Kabla sijafika, wewe uwe umekwenda. Chukua lile kopo, umrudishie sindano yake mkononi, na umwambie maneno matatu uliyoniandikia mimi: "Jiwe nililihamisha mimi." Hayo ndiyo malipo yangu yote ninayodai kwako. Barua ile niliiandika mimi na aibu yake nitaibeba mimi, lakini wino ulikuwa wako.

Ofisi ya ardhi nimeshaiandikia kufuta shutuma dhidi yake, na nimeeleza pasi iko wapi. Mpima ataandika thelathini. Ukuta wa Bonge hauvunjwi sasa. Wifi atajifungua chini ya paa lake, na mtoto akishatimiza mwaka, Bonge atahamisha chumba kwenda upande wenu. Nitamweleza mimi mwenyewe kama wewe huwezi. Yeye na mkewe hawakuniibia, waliwekwa tu juu ya pasi ya mama bila kuambiwa. Koili iache palepale chumbani. Nitaipitisha mwenyewe, mpima akiwepo, na Bonge akiwepo.

Umeniandikia kwamba ulijua sirudi. Kila mwaka nilipoandika "mwakani", nilikuwa nakuandikia wewe, kwa sababu niliamini upo mtu anayenihesabia miaka.

Kuna jambo la siku ile ya shimo sikukuambia, kwa sababu nilidhani halina maana. Mama alipokuwa anafukia, nilimuuliza mbona pasi tunaiweka upande wa Mjomba na si upande wa jirani. Alipangusa mchanga kiwikoni, akanijibu, "Kwa jirani jiwe linatosha."

Miaka yote hii niliamini kwamba alikuwa anakupendelea, ndiyo maana kitu chake kizito kuliko vyote alikiweka kwako. Nilikuwa mtoto. Na wewe ndiye niliyemwandikia siri hiyo.

Binti wa dobi